Imeandikwa Wapi?

Tariq Kitheka wa Zombe hakuwa na ugomvi wowote na dini mpaka fisi walipoanza kula mbuzi wake. Mwaka huo ukame ulikuwa umewafukuza vichakani hata wanyama wenye aibu, na fisi hawakuwahi kuwa na aibu. Jirani yake Muindi, mzee wa kanisa, akamwonea huruma akampa mbwa, dume la rangi ya mchanga lenye sikio moja lililochanika. Kuanzia hapo fisi walihamia maboma mengine.

Shida iliyofuata ilikuja imevaa buibui. Mama mkwe wake, Bi Sauda, alikuwa ametoka Kitui mjini kumsaidia binti yake Nasima baada ya kujifungua. Mtoto sasa alikuwa anatambaa, na Bi Sauda bado alikuwa anasaidia. Babu yake alitoka Pwani, jambo alilolitaja kila alipoonja chai ya bara. Alikuwa na hadithi kwa kila kitu: ya kufagia jioni, ya kumpa jirani chumvi usiku, ya kukalia kinu. Zote zilianza kwa "Mtume alisema," na hakuna aliyejua alizisoma wapi, maana Bi Sauda hakuwa mtu wa kusoma.

Alipomwona mbwa amelala mlangoni, alitangaza kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, akafunga mizigo yake. Ilipofika saa saba hakuna aliyekuwa amemzuia, kwa hiyo akaifungua.

Mtu mwingine angekwenda kumuuliza Ustadh Amin, mwalimu wa msikiti, aliyemfundisha Tariq dini tangu alif mpaka leo. Tariq akaiuliza simu. Simu ikamletea kijana mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, ameketi mbele ya rafu iliyojaa vitabu hadi darini, akieleza kwamba binadamu hahitaji kitabu kingine chochote zaidi ya Kurani. Hadithi zote, alisema kijana, ziliandikwa na watu baada ya Mtume kufariki, na watu husahau, na watu hudanganya. Tariq alimsikiliza wiki nzima akichunga mbuzi. Akasoma mwenyewe, kwenye tafsiri ya Kiswahili, habari za wale vijana waliolala pangoni pamoja na mbwa wao, amenyosha miguu yake kizingitini. Kama mbwa alifaa kukaa na watu wa Mungu pangoni, kwa nini asifae Zombe?

Akampa mbwa wake jina la Kitmiri, kama yule wa pangoni. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akapunguza sala zake kutoka tano hadi tatu, kwa kuwa kijana wa simu alikuwa amezihesabu kwa majina ndani ya Kitabu akapata hizo tu. Ni ajabu jinsi utafiti wa namna hii haujawahi kumwongezea mtu sala.

Siku ya Ijumaa, watu walipokuwa wakivaa viatu, Tariq alisimama mlangoni mwa msikiti akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni mtu wa Kurani pekee, na mwenye hadithi akae nayo.

Ustadh Amin alikuwa mtu mfupi mwenye subira ndefu. Hakukasirika. Alimuuliza tu habari za mbwa, maana Zombe nzima ilijua vita vilianzia wapi. Tariq akamjibu kwa fahari kwamba mbwa anaitwa Kitmiri.

"Jina zuri," akasema Ustadh. "Liko aya gani?"

Jina hilo Tariq alilisikia utotoni, darasani kwa Ustadh Amin mwenyewe, na ndani ya Kitabu mbwa wa pangoni anaitwa mbwa.

"Ni hadithi za wazee hizo, ambazo umeziacha," Ustadh akaendelea kwa upole. "Na unaposali alfajiri unasali rakaa mbili. Hizo mbili umezisoma wapi?"

"Nitatafuta," akasema Tariq.

"Tafuta. Lakini ungeniuliza mapema, ningekwambia mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa. Iko kwenye hadithi."

Hapo mambo yangeweza kuisha. Lakini Tariq alikuwa ameshatangaza vita mbele ya watu, na vita vikishatangazwa haviahirishwi kwa jambo dogo kama kukuta ulichokuwa unapigania unacho tayari. Akasema haitaki ruhusa hiyo kwa kuwa imetoka mlango usiofaa. Nyumbani, Nasima alimpelekea mama yake habari njema kwamba mbwa wa mifugo ni halali. Bi Sauda akafikiri, akasema hadithi hiyo haijui, kwa hiyo ni dhaifu.

Aliyefurahi ni Muindi. Alivuka uzio akampa Tariq mkono, akamwambia sasa wanaelewana, maana hata wao Waprotestanti hufuata Neno pekee na wala si mapokeo ya wanadamu. Tariq, aliyekuwa ameanza kupenda mchezo huo, akamuuliza kanisa lao limepata aya gani ya kumkataza mtu kuoa bila kamati ya harusi. Muindi akakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa.

Kilichomshinda Tariq kilitoka jikoni kwake. Nasima alisoma mpaka kidato cha nne na Kiswahili alipata alama nzuri kuliko yeye. Akaichukua ile tafsiri, akaisoma akinyonyesha, akapata mahali paliposema kwamba chakula na nguo za mama anayenyonyesha ni juu ya baba. Akaja nayo uwanjani, kidole kikiwa kwenye mstari.

"Baba Zaituni, nimetafuta aya inayosema mke apike ugali, sijaiona. Ya baba kuleta chakula nimeiona. Kuanzia leo na mimi nafuata Kitabu pekee."

Tariq alieleza kwamba maana yake ni kununua unga. Nasima akamuuliza imeandikwa wapi kwamba inaishia kwenye kununua. Bi Sauda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubaliana na Kurani bila hadithi, siku hiyo aliona hoja hiyo ina nguvu. Tariq akapika. Ugali wake wa kwanza ulikuwa uji, na wa pili Kitmiri aliunusa akaenda kulala.

Ikafika siku Tariq akakumbuka kwamba shangazi yake Ndila, huko Kalamba upande wa Makueni, hajatembelewa kwa muda mrefu, na kwamba kuunga undugu kumeamrishwa na Kitabu waziwazi. Tena Ndila alikuwa mpishi. Akamwachia Muindi mbuzi, akasafiri.

Ndila na mumewe, Mzee Idi Nyamai, ndio Waislamu pekee kwenye kilima chao. Pande zote walizungukwa na watu wa kanisa, waliowapenda na kuwaombea waokoke. Mzee Idi alikuwa mgonjwa wa kifua tangu mwaka uliopita, na Tariq alipofika alimkuta amelala, sauti imebaki nusu. Walizungumza habari za mvua. Tariq akala siku mbili kama mtu aliyetoka jela. Asubuhi ya siku ya tatu, Ndila alipompelekea mumewe chai, akamkuta amefariki.

Alimwita Tariq bila kupiga kelele. Tariq akaingia, akasimama pale, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuyafumba macho ya mzee kwa vidole vyake. Hakujiuliza imeandikwa wapi.

Majirani walifika kabla ya jua kupanda. Walileta viti, wakaleta na utaratibu. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu aitwaye Musyimi, alikuwa ameshapiga simu ya gari la kupeleka mwili mochari. Kungekuwa na kamati, vikao vya jioni, hema, picha ya marehemu kwenye karatasi nzuri, na mazishi baada ya wiki mbili, watu wa Nairobi wakishapata ruhusa kazini. Tariq akamshukuru, akasema mzee atazikwa leo.

Musyimi alishtuka kwa heshima. "Leo, kijana? Mtu hazikwi kama ameiba. Hiyo imeandikwa wapi?"

Tariq alikuwa amewauliza watu swali hilo mwezi mzima, na hata lilipomrudia jikoni kwake halikuwa chungu namna hii. Akaomba dakika chache. Alikwenda nyuma ya ghala na ile tafsiri, akafungua huku na huku. Kuhusu mauti alikuta mengi: kwamba kila nafsi itayaonja, kwamba hakuna mahali pa kukimbilia. Kuhusu kuosha, sanda, na kuzika siku hiyohiyo, hakuona kitu. Alichokiona ni habari ya yule mwana wa Adamu aliyemuua ndugu yake asijue la kufanya na mwili, ikabidi Mungu amtume kunguru afukue ardhi kumwonyesha. Basi. Shimo alikuwa amelipata, kwa hisani ya kunguru. Yaliyobaki yalikuwa kwenye vile vitabu alivyovikataa hadharani akiwa amevaa kiatu kimoja.

Alimpigia Ustadh Amin. Ustadh aliitikia msiba, akasema anaondoka Zombe wakati huohuo na watu wachache, lakini safari ni ndefu na wasimngoje. "Anza kumwosha," akasema. "Nilikufundisha."

Na kweli alimfundisha. Kila mwaka wakati wa likizo Ustadh Amin alikuwa akilaza gunia la mbaazi kwenye mkeka, akiliita Marehemu, na watoto wakajifunza kuliosha kwa maji ya kuigiza, maana ya kweli yangeziotesha mbaazi. Tariq alikuwa amecheka mno darasa hilo hadi akatolewa nje, akalimalizia akichungulia dirishani. Sasa alisimama mbele ya Mzee Idi, Ndila akishika birika, na mikono yake ikajua. Alimfunika kutoka kitovuni hadi magotini. Akaanza na viungo vya udhu, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu, kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa. Alipomwinua begani kumwosha mgongo, akaona jinsi mzee alivyokuwa mwepesi, akalia kidogo. Ndila akamwambia amwage maji polepole, mzee hakupenda baridi.

Karafuu maiti, zile chembe nyeupe za kumtia marehemu manukato, hazikupatikana Kalamba. Mwenye duka, kwa kutaka kusaidia, alimpa vidonge vya kufukuza nondo. Tariq alivikataa kwa adabu, akanunua kitambaa cheupe cha vipande vitatu. Vijana wa kanisa walichimba kaburi bila kusukumwa, na alipowaelekeza wachimbe mwanandani, ile nafasi ya pembeni ya kumlaza maiti ili udongo usimwangukie, wakasema hilo ni wazo zuri kuliko sanduku.

Musyimi akamjia tena, taratibu, akamuuliza kama ameiona aya.

"Hapana, mwalimu," akasema Tariq. "Nimeonyeshwa na watu walioonyeshwa na watu, mpaka kwa Mtume mwenyewe. Ndivyo ilivyotufikia."

Musyimi akasema basi hilo analielewa, akaenda kulizuia gari la mochari.

Adhuhuri ikapita. Wauza nguo wawili Waislamu walikuwa wamesikia msiba wakafika kutoka mjini Wote, wakajipanga nyuma ya Tariq mbele ya maiti. Akainua mikono kwa takbira ya kwanza, kisha ya pili. Kwenye ya tatu alisikia gari likisimama na viatu vikivuliwa haraka. Hakugeuka. Akamwombea Mzee Idi kwa ile dua ndefu, akashangaa kuona haikukatika popote, akapiga takbira ya nne, akatoa salamu. Alipogeuka, kwenye safu ya nyuma alikuwa amesimama Ustadh Amin, vumbi limemjaa ndevu, akiwa amesali nyuma ya mwanafunzi wake kama mtu mwingine yeyote.

Walipokwisha kuzika, wageni wa Zombe waliketi kivulini. Ustadh akakohoa, akaanza kupanga mambo. Kungekuwa na hitima siku ya tatu, halafu arubaini. Akawatazama mbuzi wa Ndila waliofungwa karibu na ghala, akasema yule dume na yule jike mweusi watatosha kwa kuanzia leo, kama ilivyo desturi yetu.

Ndila aliinuka akaenda kuwafungua mbuzi, na Tariq akaona jinsi alivyokuwa akiifungua kamba, kama mtu anayeagana.

"Ustadh," akasema Tariq. "Sikuulizi kwa ubishi. Hiyo ya mfiwa kuchinjia watu, iko kwenye Kitabu?"

"Hapana."

"Iko kwenye hadithi?"

Ustadh Amin akapangusa vumbi la ndevu. Watu wa Zombe walimwangalia, maana wengine walikuwa wameshaanza kuamua nani atapata maini. Angeweza kusema iko. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumbishia.

"Haiko," akasema mwishowe. "Iliyoko inasema kinyume. Binamu yake Jaafari alipouawa vitani, Mtume aliamuru watu waipikie familia ya marehemu, kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Majirani ndio wa kupika. Sisi tumezoea tu."

Na majirani walikuwa wamepika. Tangu asubuhi akina mama wa kanisa walikuwa wakipanda kilima na masufuria ya muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na kunde kichwani, hawajasoma aya wala hadithi, wameyapanga chini ya ukuta wakingoja hawa wageni wamalize kuzungumza dini ili chakula kisipoe. Kasiva, mke wa Musyimi, akauliza kama sasa wanaweza kupakua.

Wakapakua. Ustadh Amin alikula sahani mbili, akaomba ya tatu. Ndila aliwarudisha mbuzi wote malishoni.

Jioni, gari likisubiri, Ustadh alimwuliza Tariq kama atarudi darasani. Tariq akasema atarudi, na sala zitakuwa tano, lakini maswali yake hataacha kuyauliza.

"Uliza," akasema Ustadh akipanda garini. "Ila uniulize kwanza, utangaze baadaye."

Tariq alibaki Kalamba wiki hiyo kumjengea shangazi yake uzio wa kaburi, na kila siku alikuwa wa kwanza kujitolea kuosha vyombo, asije akaambiwa apike.