Vijiti Vitatu vya Mulekera

Kavugho alipozaa mtoto wake wa tano, alipasuliwa tumbo kwa mara ya pili. Daktari wa Butembo alimwambia waziwazi yeye na mumewe, Zacharie: mimba nyingine isije kabla ya miaka mitatu, la sivyo kovu laweza kufunguka. Zacharie, mkulima wa Vuhovi asiyekosa misa ya Jumapili, hakubishana. Tangu hapo ndiye aliyekumbuka tarehe za sindano ya uzazi wa mpango, na kila miezi mitatu alimpeleka mkewe mjini kwa pikipiki.

Safari ya nne, muuguzi Clémence aliwafungulia kabati. Ndani mlikuwa na pamba tu.

"Mama, sindano hapana," alisema. "Projet, ule mradi yenye ilikuwa inalipa, ilifungwa. Batu balituletea barua tu."

"Na Serikali?" Zacharie aliuliza.

"Serikali iliandika mu budget kwamba itanunua. Tunangojea."

Vidonge vilikuwepo katika famasi, lakini Kavugho alikuwa na presha na alikatazwa kuvimeza. Clémence alipiga simu huku na kule, mwisho akapata habari: huko Beni, kwenye kituo kimoja cha Mulekera, vilibaki vijiti vitatu, vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kimoja kingemtosha kwa miaka mitatu.

Walikwenda kesho yake asubuhi. Muuguzi wa huko, mwanamume mpole aitwaye Esdras, aliwaonyesha hata boksi lenyewe.

"Biko," alisema. "Lakini vililipiwa kwa ajili ya badéplacés, bale balikimbia vita. Uko na jeton, ile kadi ya déplacée?"

Kavugho alimtazama mumewe. Zacharie akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Tulikimbia vita. Jeton ilipotea mu njia."

"Mulitoka wapi?"

"Eringeti," Kavugho alisema. Hakuwahi kufika Eringeti.

Esdras aliweka boksi mezani. "Mimi niko mutoto wa Eringeti, mama. Muliishi karibu na nani?"

Kavugho hakujua jina hata moja la huko. Alikumbuka wanawake aliowapita pale nje, waliokimbia kwelikweli, na akatamani benchi alilokalia limmeze.

"Samahani, baba," alisema. "Niko wa Vuhovi. Daktari alisema nikibeba tena nitakufa."

"Naamini," Esdras alijibu. "Lakini kila kimoja kinaandikwa na namba ya jeton. Kimoja kikikosekana, balipaji batakuja kukamata vyote, na hawa bamama batakosa. Unisamehe."

Esdras aliwasindikiza hadi barabarani.

Nyumbani, Zacharie alihamishia godoro lake chumba cha watoto. Alinunua kondomu dukani kila alipopata cha kununulia, na miezi minne ilipita hivyo. Lakini walikuwa mke na mume waliopendana, na si kila juma lilikuwa la mavuno, lenye pesa ya kondomu.

Mwezi wa saba baada ya safari ya Beni, Kavugho alirudi kwa Clémence peke yake. Clémence alimpima, akasoma matokeo mara mbili, akavuta kiti karibu naye.

"Miezi miwili, mama. Itabidi tukuchunge sana. Na hapa hakuna kungoja uchungu, itabidi bakupasue kabla uanze."

"Kupasuliwa," Kavugho aliuliza taratibu, "ile mara ingine projet ililipa. Sasa nani?"

Clémence aliangalia dirishani.

"Ile pia ilikuwa ya bale bale balifunga," alisema.

Kavugho alifunga kitenge chake vizuri, akamshukuru, akatoka. Zacharie alikuwa bado shambani Kavugho alipofika. Alimwona kwa mbali akichimba viazi, mgongo wake umeinama, na akakaa kwenye ukingo wa shamba akimngojea amalize mstari, kwa maana hakujua amwambie vipi.