Usimjibu wa Kwenye Kipoyi

Mtu akipata nafasi ya kusomea udaktari, watu wote wanaomzunguka hugeuka walimu. Uwamwezi aliliona hilo mwezi wa saba, matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka na chuo kikuu kule Goma kikamkubali, masomo yaanze mwezi wa kumi. Shangazi Chantal, aliyemlea mjini, alimwambia alale, ale, anenepe, maana huko anakokwenda hakuna kulala. Mwalimu wake wa kemia alimwambia arudie kemia. Pasta alimwambia afunge na kusali. Hata jirani muuza makaa alikuwa na shauri lake: aende machinjioni akazoee damu, asije akaanguka mbele ya wagonjwa na kutia aibu mtaa mzima.

Uwamwezi aliwashukuru wote, akapanda pikipiki hadi Sake, na kutoka Sake akapanda milima hadi Karuba, kwa baba yake. Aliaga kwamba anakwenda kupumzika. Ulikuwa uongo mtupu. Alikwenda kwa sababu ya sauti.

Karuba ni milima juu ya milima. Ng'ombe wanaipenda, viazi vinaipenda, magari hayaipendi hata kidogo. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye pikipiki hubebwa kwa kipoyi, kitanda cha mianzi kilichofumwa mfano wa kikapu kirefu, chenye miti miwili inayokaa mabegani mwa wanaume wanne. Kila nyumba ina zamu yake ya kubeba. Na kipoyi kina sheria zake, ambazo hakuna aliyeziandika na hakuna asiyezijua. Kila mnapovuka maji au kufika njia panda, mbebaji wa mbele huita, "Uko?" Mgonjwa hujibu, "Niko." Asiyeweza kusema hugonga mti kwa kidole. Akinyamaza, huitwa tena, na tena. Akizidi kunyamaza, kipoyi hushushwa, uso wake hufunikwa kitenge, na safari hugeuzwa kurudi nyumbani. Kuanzia hapo hakuna kusema neno wala kutazama nyuma. Na sauti ikitoka kwenye kipoyi, usiijibu, hata ikikutaja jina. Huyo ni mfu anayetafuta wa kumsindikiza. Ukimjibu, umekubali kwenda naye.

Libérata, mama yake Uwamwezi, alinyamaza chini ya mikaratusi iliyo karibu na kilele, pale ambapo bati la kituo cha afya huanza kuonekana ng'ambo ya bonde. Alikuwa amejifungua, mtoto akafa, na damu ikakataa kukoma. Uwamwezi alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Alitembea ubavuni mwa baba yake, Mbonigaba, aliyebeba mbele, naye amepewa bidoni ndogo, kidumu cha maji ya mgonjwa. Baba aliita, "Uko?" Hakujibiwa. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Wakamfunika mama, wakageuza.

Walipofika kwenye daraja la magogo, sauti ndogo ilitoka chini ya kitenge.

"Uwamwezi. Maji."

Mtoto alisimama. Baba yake, macho mbele, alimshika mkono, akaubana, akamvuta. Wakatembea. Sauti iliita tena, halafu haikuita. Walipofika nyumbani, bidoni ilikuwa bado imejaa.

Hawakulizungumza kamwe, yeye na baba yake. Chantal alikuja kumchukua baada ya mazishi, na sauti ikamfuata mjini. Ilimkuta akifua nguo, ilimkuta kanisani katikati ya wimbo, ilimkuta kwenye mtihani wa hesabu akiwa anatafuta jibu: "Uwamwezi. Maji." Hakuijibu hata mara moja. Alijifunza kuendelea na alichokuwa akifanya, na watu wakamsifu kwamba ni mtoto mtulivu.

Sasa alikuwa anakwenda kuwa daktari, na kulikuwa na jambo alilotaka kulijua kabla ya kwenda. Ile sauti ilikuwa ya mfu au ya mtu hai? Kama ilikuwa ya mfu, basi walifuata sheria na hawakukosea, na yeye angeizoea kama watu wanavyozoea goti bovu. Kama haikuwa ya mfu, hapo ndipo alipokuwa akilikatiza wazo na kutafuta kazi ya mikono.

Karuba walimpokea kwa kelele. Wakaanza kumwita dokta siku ileile, wakamletea meno mabovu, migongo, macho yanayotoa machozi, na mzee mmoja akamletea mbuzi aliyegoma kula. Aliyekataa kumwita dokta alikuwa baba yake peke yake.

"Dokta gani?" Mbonigaba alikuwa akisema. "Hata mulango ya chuo hajaigusa."

Watu walicheka, naye Uwamwezi akacheka. Lakini jioni, wakimenya viazi nje ya jiko, alisema alichokuja kusema.

"Papa, kwa zamu ya kipoyi, minataka kubeba."

"Kipoyi iko ya wanaume."

"Wanaume wako wapi?"

Vijana wengine walikuwa wamekwenda Walikale kuchimba madini, wengine wamekimbilia Goma, wengine vita vimewachukua na hakuna aliyethubutu kuuliza ni upande upi. Wabebaji waliobaki walikuwa na mvi. Mbonigaba alimenya kiazi mpaka kikawa kidogo kuliko maganda yake.

"Utabeba nyuma," alisema mwishowe. "Na sheria ya kipoyi utaifwata."

"Nitaifwata, Papa."

Ndivyo Uwamwezi alivyozitumia vakansi zake, likizo ya kabla ya chuo. Alibeba mzee aliyeugua ngiri ambaye alilalamika njia nzima kwamba mabega ya msichana ni mafupi. Alibeba mtoto aliyevunjika mguu. Bega lake lilivimba, likachubuka, likaota ngozi ngumu. Kila "Uko?" ilijibiwa "Niko," hata kwenye mikaratusi. Wakati wa kurudi, kwenye daraja la magogo, alikuwa akipunguza mwendo kidogo ili asikilize. Hakusikia kitu ila maji yanayopita chini. Mjini sauti ilimwandama, na hapa kwenye makazi yake ilimnyamazia. Hilo lilimtisha zaidi.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, asubuhi yenye ukungu, Valens wa bondeni alikuja mbio bila viatu. Mkewe, Colette, alikuwa amejifungua alfajiri. Mtoto alikuwa mzima, analia vizuri, lakini mama yake alikuwa anatoka damu.

Walimlaza kwenye kipoyi juu ya mablanketi. Mbele walisimama Mbonigaba na Papa Nestor, mbebaji mkongwe kuliko wote. Nyuma walisimama Valens na Uwamwezi. Mama mkwe alibaki na kichanga. Uwamwezi alijifunga bidoni ya maji kiunoni kwa kamba, kwa sababu mtu lazima aibebe, na akakaza macho kwenye kisogo cha baba yake.

"Uko?" aliita Mbonigaba kwenye kijito cha kwanza.

"Niko," alisema Colette, na akaongeza kwamba Valens anamtikisa kama gunia la viazi. Walicheka kidogo, hata Valens.

Kwenye daraja la magogo alisema "Niko" tu. Kwenye njia panda aligonga mti kwa kidole. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Uwamwezi hakuona mikaratusi mpaka alipoisikia harufu yake.

"Uko?"

Kimya.

"Colette, uko?"

Mbonigaba aliita tena na tena, na kila alipoita sauti yake ilizidi kushuka. Kisha akasema, "Tushushe."

Colette alikuwa mweupe midomoni, ngozi yake ina baridi na unyevu. Papa Nestor alivua kofia. Valens alipiga magoti akashika miguu ya mkewe, akauma mkono wa shati asitoe sauti, maana sheria imeshaanza. Mbonigaba alichukua kitenge akamfunika uso mama huyo polepole, kwa mikono iliyowahi kufanya kazi hiyohiyo mahali hapohapo.

Uwamwezi alikuwa amesimama karibu kabisa. Angeweza kuinama na kuweka vidole shingoni. Hata wanafunzi wa sekondari wanajua pa kuweka. Hakuinama, na sababu yake ilikuwa mbaya, naye aliijua vizuri: aliogopa kumkuta Colette yu hai. Akimkuta hai, basi na yule mwingine alikuwa hai.

Aliingia chini ya mti wake. Wakageuza.

Walishuka kimyakimya. Damu ilidondoka kwenye majani, tone moja moja, na Uwamwezi akawa anaikanyaga kwa sababu yeye yuko nyuma. Daraja la magogo lilitokea kwenye ukungu. Mguu wake ulikuwa umeshakanyaga gogo la kwanza aliposikia sauti chini ya kitenge.

"Maji."

Valens alijikwaa. Kisogo cha Mbonigaba kilikakamaa, na hatua zake zikawa ndefu zaidi, akiwavuta wote mbele. Uwamwezi alihisi mkono ukimbana kwenye kifundo cha mkono, ingawa hakuna aliyekuwa amemshika. Alikuwa mtoto tena, na bidoni imejaa, na watu wazima wote wanatembea.

Alisimama. Mbebaji wa nyuma akisimama, kipoyi kizima husimama.

"Niko, Colette," alisema. "Maji iko hapa."

Papa Nestor alifanya ishara ya msalaba.

"Uwamwezi," alisema baba yake bila kugeuka. "Tembea."

"Papa, ameomba maji."

"Nimesema tembea."

"Hapana, Papa. Ile siku nilitembea."

Alishusha upande wake, na Valens naye akashusha, wakawalazimisha wazee kushusha. Aliinama, akakiondoa kitenge. Macho ya Colette yalikuwa nusu wazi. Uwamwezi alilowesha kidole akampaka kwenye midomo, na midomo ile ikakifuata kidole, ikikinyonya. Valens alipiga ukelele ambao sheria haikuuruhusu.

Waligeuza tena. Namna walivyopanda ule mlima hakuna aliyeweza kuisimulia baadaye, ila Papa Nestor, ambaye magoti yake yalikuwa na sifa mbaya Karuba nzima, alikimbia. Mbonigaba aliita, "Uko?" kila hatua chache, palipo na maji na pasipo na maji, na Uwamwezi akawa anatazama midomo ya Colette na kujibu kwa niaba yake, "Iko."

Muuguzi wa kituo, Mama Joséphine-Marie, alimpokea mgonjwa mikononi mwao na kuwafungia mlango. Walikaa kwenye benchi. Jua lilikuwa limeshaula ukungu wote mlango ulipofunguliwa.

"Atapona," alisema Mama Joséphine-Marie akijifuta mikono. "Alikuwa amezimia tu. Damu ikipunguka sana, mutu anapoa, moyo inapiga kidogokidogo, munamuona kama mufu. Kumbe anasikia yote. Na kiu inamukamata ile ya ajabu. Mugonjwa wa vile akiomba maji, mujue angali anapigana. Mungemurudisha nyumbani, angewafia mu njia."

Valens aliingia ndani kwa mkewe. Papa Nestor alisema anahitaji kasiksi, ile pombe ya ndizi, akaenda kuitafuta kwa mama mmoja wa barabarani, na hakuna aliyemlaumu. Mbonigaba alibaki amekaa, mikono magotini, akiutazama mlango ambao muuguzi alikuwa amekwisha kuufunga.

Uwamwezi hakuweza kumtazama. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, mwanamke yu hai na mtoto wake atanyonya. Na chini ya furaha hiyo kitu kilikuwa kimefunguka ambacho hakingefungika tena. Miaka yote aliikwepa ile sauti bila kujua kama ni ya mfu au ya mtu hai. Sasa alikuwa anamwomba Mungu iwe ilikuwa ya mfu.

Walirudi wawili, kipoyi kitupu, baba mbele, binti nyuma. Kikiwa kitupu ni chepesi, hata mtoto angebeba. Walipita mikaratusi bila kusimama. Walipofika kwenye daraja la magogo Mbonigaba alisema, "Tushushe," wakashusha.

Alisimama akiangalia maji. Ndipo akageuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye njia hiyo, akamtazama mwanawe usoni.

"Dokta," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Ndiyo, Papa."

"Mufu anasikiaka kiu?"

Uwamwezi angeweza kumjibu kwamba hajasoma bado, na ingekuwa kweli. Angeweza kumwambia kwamba mambo ya wafu wanayajua mapasta. Alimwona baba yake alivyozeeka tangu asubuhi, shati lina damu ya mke wa mtu mwingine, na akampenda kwa uchungu, na akajua kwamba hili ndilo swali la kwanza la kazi yake, limekuja kabla ya chuo.

"Hapana, Papa," alisema.

Mbonigaba aliitikia kwa kichwa.

"Nilikukamata mukono," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa na maji."

"Ndiyo, Papa."

Hakulia. Aliinama, akashika miti ya mbele, akangoja binti yake ashike ya nyuma. Wakainua. Alipokanyaga gogo la kwanza, Mbonigaba aliita kwa ile sauti ya kuitia mgonjwa, kubwa, ya upole:

"Uko?"

Kipoyi kilikuwa kitupu. Alingoja kidogo, akavuka. Aliita kwenye kijito, akaita kila penye maji mpaka nyumbani. Uwamwezi hakujibu, kwa sababu hakuulizwa yeye.