Fuvu Lililopewa Jina la Mama Mkwe

Wakwe wengine hununua blanketi, yakaisha. Daktari wa visukuku, kwa kuwa alijaliwa akili nyingi, alimpa mama mkwe wake mnyama mzima: pomboo aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita na kugeuka jiwe. Jenasi ya mnyama huyo, yaani kundi lake la kisayansi, ikaitwa kwa jina la mama huyo, likapachikwa mkia wa Kilatini. Jarida lilikuwa limeshalichapisha.

Hoja yake ilikuwa fupi. Meno yalikuwa bapa kama vijiko vidogo, kwa hiyo mnyama ni wa ukoo wa pomboo wenye pua butu, si wale wenye meno ya ncha. Lakini ukoo huo una vinundu viwili vya mfupa mbele ya matundu ya pua, na fuvu hili halikuwa navyo. Palikuwa tambarare kama meza. Meno ya ukoo uleule, uso tofauti: jenasi mpya!

Asubuhi ambayo mama mkwe alikuwa anakuja kujiona, mpiga eksirei wa maabara aliingia na picha, salamu hakuna.

"Dokta, hapa mbele ya pua, mfupa una ganda?"

"Kila mfupa una ganda."

"Hebu niangalizie. Mimi naona sponji tupu, kama mkate uliokatwa."

Daktari akatazama. Ganda gumu lilizunguka fuvu lote, likakatika mahali pawili tu, kushoto na kulia. Akayakumbuka yale manundu mawili yaliyomsumbua alipokuwa akisafisha fuvu. Alidhani ni mwamba. Aliyasaga mpaka yakawa vumbi, akalipuliza, kisha akawatambia wenzake kwamba mkono wake hautetemeki.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Mimi? Mdomo wangu kaburi. Ila mkweo yuko mlangoni, na kapendeza huyo!"

Mama mkwe aliingia na pochi mpya, kawashika mkono wajukuu wake wawili, ndio watoto wa daktari mwenyewe. Akalitazama fuvu kama mtu anayekagua gwaride.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiyo... hapana, mama." Daktari alikuwa na brashi mkononi, hakujua aiweke wapi. "Nimekukosea. Vile vinundu nilivyosema hana, alikuwa navyo. Nilivisaga mwenyewe. Mnyama huyu anajulikana siku nyingi, ana jina lake."

"Basi langu mpe mwingine."

"Haiwezekani. Jina likishachapishwa, mnyama mwingine hapewi. Linabaki huko, kwenye majina yaliyokufa."

Mama akageuka taratibu. "Yaani mkwe wangu, umenizika nikiwa nimevaa viatu vipya?"

Watoto wakaangua kicheko. Daktari akatamani naye ageuke jiwe, afukuliwe siku ambayo wakwe wote watakuwa wamesahau.

"Nani mwingine anajua?"

"Mpiga eksirei. Nilimwambia anyamaze."

Hilo ndilo lililomuuma mama. Aliketi, akaweka pochi magotini.

"Nilikuoza mwanangu kwa sababu hukuwa mtu wa kufichaficha mambo. Nenda kwa mkubwa wako, sasa hivi. Nakungoja."

Daktari akatoka na ile picha, masikio yakimwaka moto. Nyuma yake akamsikia mwanawe mdogo: "Bibi, kumbe siyo wewe?"

"Siyo mimi. Rudisha mkono, usimguse. Ameshaguswa vya kutosha."