Lipiko Kwenye Shuka Jeupe

Mimi ni mwanamke, kwa hiyo sijui ndani ya lipiko kuna nini. Nalisema hilo mapema, asije mtu akaniuliza. Kwetu Wamakonde, siku wavulana wanapotolewa jandoni, lipiko hutoka porini likicheza. Lina kichwa cha mti chenye nywele na nembo usoni, mwili wake umefungwa nguo hata kidole hakionekani, na ni mzimu uliofufuka. Wanaume wanasema hivyo, nasi wanawake tunaamini. Tunapiga mayowe na kukimbia. Sasa kama lipiko limejikwaa mchana, na jioni mume wa mtu amerudi nyumbani anachechemea, hayo mwenye macho atayamaliza na macho yake.

Mume wangu Nikolao hakujua kwamba najua. Au alijua akanyamaza, nami nikanyamaza, ndoa ikaenda. Tulipovuka Ruvuma kukimbia vita ya Mreno, mimi nilimbeba mtoto wetu Lucian mgongoni, yeye alibeba gunia moja ambalo hakulitua hata kwenye maji. Niliambiwa ni mbegu. Gunia likakaa darini mwetu Newala miaka yote, na mbegu hazikupandwa.

Mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mwenyekiti alipiga marufuku ngoma mpaka kazi za shamba ziishe, na kazi za shamba za mwenyekiti yule zilikuwa haziishi. Nikolao akakonda. Kuna mtu akinyimwa pombe anakonda. Mume wangu alinyimwa vumbi la uwanjani. Usiku miguu yake ilicheza peke yake kitandani, mateke nikayala mimi.

Ndipo alipokuja Hilary na Landrova ya kukodi. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, zamani dereva wa gari la sinema za serikali, sasa mtengeneza sinema mwenyewe. Alikuwa ametoa sinema ya mumiani, yule mnyonya damu anayelala kwenye sanduku mchana kutwa, na mwisho wake mumiani akauawa kwa teke la karate. Watu wa Dar waliipenda, wakataka ya pili. Tatizo ni kwamba mumiani alishakufa. Hilary akasikia kwamba huku kwetu kuna kitu kinachofufuka, akapanda na gari lake, wanaume wakamwelekeza mpaka mlangoni petu.

Mazungumzo yao sikuyasikia. Nilikuwa nyuma ya ukuta nabangua korosho. Hilary alisema mumiani atafufuka ndani ya lipiko, atacheza, kisha atapigana. Nikolao alitaka mambo matatu: mwanamke yeyote asiwepo wakati wa kupiga picha, kichwa cha lipiko kisivuliwe, na sinema ionyeshwe huko huko Dar, kwa watu wasiojua lipiko ni nini. Hilary akaapa kwa kaburi la mama yake. Malipo hata hawakuyataja. Mume wangu alitaka kucheza tu.

Walikwenda Chiungutwa, kwenye mahame ya watu waliohamishwa. Nyumba tupu zilikuwa nyingi, milango inapigapiga kwa upepo, mikorosho imefunga njia. Hilary hakuhitaji kujenga nyumba za mizimu. Joho la mumiani lilishonwa kwa pazia. Damu ilikuwa choya, maua yale mekundu, iliyochemshwa kwa ndoo mbili za maji, maji ambayo sisi tunayapangia foleni toka jogoo la kwanza. Shujaa wa karate alikuwa Mwalimu Gregory, Mchaga aliyekuwa akifundisha Masasi. Alijifunza karate kitabuni, na hata ukimwamkia alikuwa anavuta pumzi kwanza kwa pua.

Nikolao aliporudi, mdomo wa juu ulikuwa umepasuka.

"Baba Lucian, mdomo umefanya nini?"

"Mlango," akasema. "Nimegonga mlango."

Mlango wetu ulikuwa wa mabua, umefungwa kwa kamba. Mbuzi akiupigia chafya unafunguka. Nikasema pole, nikamchemshia maji ya chumvi, nikamkanda. Alilala ameelekea ukutani. Nilijua kuna jambo kubwa kuliko mdomo, lakini ningeulizaje? Kuuliza ni kujua. Naye angeniambiaje? Basi tukalala, kila mmoja na ukimya wake, na mimi nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Msimu wa korosho ulipofika ndipo nilipojua. Nilikuwa kwenye foleni ya maji na wifi yangu Dominika, dada yake Nikolao. Akaja Bimdogo, Myao anayechuuza samaki wakavu baina ya Masasi na Newala, mwanamke asiyejua kuteremsha sauti.

"Mama Lucian! Mumeo ndiye mumiani!"

Sinema ilikuwa imeonyeshwa Masasi, naye alilipa kuingia. Akatueleza yote palepale. Lipiko lilikuwa linacheza vizuri mno, mwalimu akaruka na teke, na teke likamfika kweli. Kichwa cha mti kikang'oka, kikaenda zake. Pale pakabaki uso wa mume wangu, kinywa wazi. Hilary ndiye aliyekuwa akiisemea sinema kwa kipaza sauti, maana sauti haikuwa nayo. Hapo alipaza, "Mumiani halisi huyo! Tazameni meno!" Masasi nzima ikacheka.

Kumbe teke lilikuwa la bahati mbaya, lakini mkanda ni ghali, na Hilary hakuwa mtu wa kutupa kitu. Tena lilimpunguzia gharama. Hakuwa na meno ya bandia ya mumiani, na mume wangu anayo yake, yaliyochongwa na mjomba wake alipokuwa kijana, ili awe mwanamume wa kutazamika. Mimi nilimpendea meno hayo. Na yangu pia yamechongwa.

Pale kwenye foleni nikajikuta nimefunika mdomo kwa kanga. Kwanza niliona aibu kwa ajili ya mume wangu. Kisha nikaona aibu kwa ajili ya meno yangu mwenyewe, jambo ambalo halijanipata toka nizaliwe, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Na Jumamosi wanaileta hapa," akasema Bimdogo. "Uwanja wa soko. Bure."

Dominika alitua ndoo yake. Mwanawe Bonifasi alikuwa jandoni, na mwenyekiti alikuwa ameruhusu ngoma ya kuwatoa, mwezi ukiandama. Mjomba mtu ndiye wa kulitoa lipiko, na mjomba ni Nikolao. Wanawake wa hapa wakishauona uso ule, hakuna lipiko tena. Wazee wangemkataza kucheza maisha yake yote, na Bonifasi angetoka jandoni bila mzimu wa kwao kumpokea, mtoto wa mkimbizi asiye na watu. Dominika hakusema lolote kati ya hayo. Yeye pia ni mwanamke, hajui.

"Nasikia kwenye sinema hiyo kuna lipiko," akasema taratibu, akiwatazama wanawake wa foleni nzima.

"Hata mimi nasikia," nikajibu.

"Wifi, lipiko likitoka, mwanamke anafanya nini?"

"Anakimbia."

"Haya. Mimi sina la zaidi."

Akajitwika ndoo yake. Bimdogo alitutazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikamwona amefunga mdomo bila kuambiwa.

Nyumbani Nikolao alikuwa ameshapata habari. "Jumamosi usiende," akaniambia, bila kuniangalia. Lakini balozi wa nyumba kumi alipita kila mlango akisema kila mtu aende, kwa sababu Hilary alikuwa amewaeleza wakubwa wa chama kwamba mumiani yule ni mfano wa unyonyaji. Nikolao alimsikiliza balozi mpaka mwisho, akaingia ndani.

Jumamosi, giza lilipoingia, shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa ghala. Maafisa na wake zao walikalia viti, sisi tulikaa chini, wanaume upande wao. Nikolao alisimama nyuma kabisa. Jenereta likanguruma, Hilary akashika kipaza sauti, na sinema ikaanza. Mwalimu Gregory aliwapiga vijana watano kwa zamu, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize kuanguka. Watu wakacheka na kupiga makofi. Siku nyingine hata mimi ningecheka.

Kisha yakaja mahame ya Chiungutwa, kaburi, moshi, na ndani ya moshi likatoka lipiko.

Nalijua lile lipiko. Hapana, silijui. Lilicheza mabega kwanza, halafu kiuno, halafu miguu ikalipuka, na wanaume wote wakanyamaza kwa uzuri wake. Mwalimu Gregory akatokea pembeni, akavuta pumzi kwa pua.

Dominika akasimama. "Lipikooo!" akapiga yowe. Tukainuka wote. Wamakonde, Wamakua, Wayao, wazee kwa vijana, wenye watoto mgongoni, tulipiga mayowe na kukimbia kuelekea njia ya Masasi. Bimdogo alilipiga teke sinia lake mwenyewe la samaki, akapita juu yake.

Nyuma yetu vicheko vikapasuka. Helena, mke wa afisa kilimo, alikuwa akituita, machozi ya kucheka yanamtoka. "Jamani, rudini! Ni kitambaa tu! Haling'ati!" Hilary naye akapaza, "Mumiani amewatimua wanawake wa Newala!" Vicheko vikazidi.

Nimeonewa mengi katika ukimbizi wangu, lakini kicheko kile bado ninacho masikioni. Sinema tulikuwa tumeziona, za mbolea, za mbu, za kuchemsha maji ambayo hatuna. Kitambaa tunakijua. Nilitaka kurudi nimwambie Helena kwamba mimi si mjinga, kwamba mjinga ni yeye asiyejua anachokiona. Nisingeweza. Kazi yetu usiku ule ilikuwa kuonekana wajinga, na tuliifanya vizuri.

Kwenye kona ya ghala nikageuka. Sikutakiwa kugeuka.

Uso wa mume wangu ulikuwa mkubwa kama ukuta. Hakuwa na hasira, wala hakuonyesha kuumia. Macho yake yalikuwa yanatafuta nani amemwona, na mikono yake iliyofungwa nguo ilikuwa inapapasa kujifunika, na haikutosha. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona hivyo, wala usiku ule tuliovuka mto. "Tazameni meno!" akapaza Hilary. Nikakimbia.

Alirudi nimeshalala, au hivyo ndivyo nilivyomwonyesha. Akakaa kitandani, akauliza kama anayejua sijalala.

"Sinema ilikuwaje?"

"Hatukuiona. Lipiko lilitoka, tukakimbia."

"Wote?"

"Wote. Hata Bimdogo."

Asubuhi nikaikosa ndoo. Nikolao alikuwa ameichukua, ameteremka bondeni kuteka maji, akapanda nayo begani, jasho linamtoka, mwanamume, akapita mbele ya wanawake wa foleni nzima. Hakumwamkia mtu. Hakuna aliyemcheka.

Wazee walikaa kikao juu yake, nasi hatukukisikia. Wanaume walikuwa wameona, lakini mwiko ni wa wanawake wetu, na wanawake wetu hawakuona. Mji mzima ulikuwa shahidi, maafisa mpaka wake zao. Wakasema na acheze.

Siku ya kuwatoa wavulana, lipiko likatoka porini. Lilicheza vibaya. Miguu ilikuwa mizito, mabega yanachelewa ngoma, na wapigaji wakaanza kutazamana. Kisha likaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, likasimama.

Lipiko halisimami mbele ya mwanamke. Kinywa cha mti kilikuwa wazi, na ndani ya kinywa, gizani, palikuwa na macho. Yalikuwa yananiuliza. Nilijua yanauliza nini, na palepale ule uso wa kwenye shuka ukanijia, mkubwa, unajifunika, na nikaona aibu ya kuuona kama vile ni mimi niliyemvua kichwa kwa mkono wangu. Wanawake wote walikuwa wananitazama. Bonifasi alikuwa amesimama na wenzake, amepakwa mafuta, anangoja. Kama ningemtazama mume wangu kwa huruma kidogo tu, ningekuwa nimemmaliza.

Nikapiga yowe. Nikakimbia kuliko wote, kuliko hata wasichana, bila kuangalia ninapokanyaga, mpaka mzizi wa mkorosho ukaniangusha na goti likachanika. Nilisikia ngoma nyuma yangu zikiwaka, na miguu ile ikilipuka, myepesi, na wanaume wakipiga vigelegele vyao vya sauti nzito.

Jioni Nikolao alirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwekea ugali. Alipoketi akaliona goti langu, nimelifunga kitambaa, damu imepita.

"Mama Lucian, goti limefanya nini?"

"Mlango," nikasema. "Nimegonga mlango."

Akaugeukia mlango wetu wa mabua, akautazama kwa muda. Kisha akaniangalia mimi usoni, na akatabasamu, meno yote nje, kwa mara ya kwanza toka aende Chiungutwa.

"Pole," akasema, akainuka kwenda kunichemshia maji ya chumvi.