Siku Kiti cha Mheshimiwa Haloo Kilipobaki Kitupu

Hii nawaandikia moto moto, kwa hiyo mkiona nimeruka herufi mnisamehe.

Mbunge wetu tunamwita Mheshimiwa Haloo. Siyo dharau, tunampenda. Wakati wa kampeni alipanda juu ya meza ya muuza nyanya pale sokoni, akaitaja namba yake ya simu tarakimu moja moja kama anafundisha chekechea, akaapa kwamba mtu yeyote wa jimbo lake akipiga, atapokea yeye mwenyewe, siyo katibu wake. Watu wakacheka, wanasiasa si tunawajua. Akashinda, na jamani, anapokea. Mbuzi wa mtu amepotea, anapokea. Mtu kagombana na mkewe, anapokea, anawaweka wote wawili kwenye spika ya simu anawasuluhisha. Kuna jamaa alimpigia kumuuliza matokeo ya mpira, akapewa, na waliofunga akatajiwa.

Sasa siku hiyo ilikuwa siku ya swali letu bungeni. Nikisema letu, zaidi lilikuwa la dada yangu.

Dada ni mkunga. Tuna zahanati mpya, nzuri, ya bati la bluu na vioo, imekamilika muda mrefu, ila imefungwa kufuli kwa sababu haijaunganishwa umeme. Nguzo zimesimama mpaka uani, waya hakuna. Dada anazalisha akina mama kwenye stoo ya shule ya msingi, kati ya madawati mabovu na mipira iliyopasuka. Na mwezi huo mganga mkuu alimwita akamwambia bila kuzunguka: kituo kisipofunguliwa kufikia mwisho wa mwezi, anahamishwa, anapelekwa mbali huko, na kwetu haletwi mwingine. Dada hakulia mbele yetu. Alirudi, akafua sare zake zote kwa mkupuo, na alipomaliza akazifua tena.

Kwa hiyo Mheshimiwa Haloo akapeleka swali: ni lini serikali itaunganisha umeme kwenye zahanati ile? Likapangwa siku ya mwisho ya kikao. Hapo ndipo roho ilipokuwa mkononi. Siku hiyo ikipita bila swali kuulizwa, Bunge linafungwa miezi mitatu, na dada anafungasha.

Tulijazana kwa Kinyozi, maana ndiye mwenye televisheni kubwa. Kinyozi ndiye kiongozi wa kundi letu la simu la jimbo, na toka jana yake alikuwa ametuma onyo kwa herufi kubwa: KESHO ASUBUHI MTU ASIMPIGIE MHESHIMIWA. Ndani ya ukumbi hairuhusiwi kupokea simu, na yule mtu wetu tunamjua, ikitikisika mfukoni lazima atatoka. Watu wote wakajibu sawa. Hata yule wa mpira alijibu sawa.

Kwenye kiti cha kunyolea alikaa Mwalimu Mkuu, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, kwa sababu Bunge lilipoanza Kinyozi aliizima mashine. Mwalimu alilalamika kidogo, halafu naye akanogewa. Mimi simu mkononi kama kawaida, natuma kila kitu kwa walioko shambani: Spika ameingia. Swali la kwanza, la barabara. La pili, la samaki. Haloo wetu anaonekana, tai nyekundu, karatasi mkononi, midomo inacheza, anajisomea.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi nje, anaota jua. Akaniita. "Mjukuu wangu, hebu niazime hicho kidude, nimsalimie mwanangu mara moja."

Mimi nikajua anampigia baba mdogo. Nikampa. Ndiyo, mimi, ambaye hata bafuni naingia na simu, nikampa, nikarudi ndani mbio nisikose.

Swali linalotangulia letu lilikuwa la mbolea. Waziri anajibu, anajibu, hamalizi. Kamera ikazunguka, tukamwona Haloo anashika mfuko wa koti. Anaangalia chini. Anaangalia mlango. Halafu akasimama, akainama kwa Spika, akatoka.

Kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo sana ni nani huyo aliyepiga. Watu wakaanza kunyoosha simu zao juu, kila mtu anaonyesha yake kama polisi wameingia. Mimi ndipo nikanyoosha mkono na kukuta hauna kitu.

Nikasikia nje, sauti ya Bibi, taratibu kabisa: "Na umekula lakini, mwanangu?"

Nilitoka pale kama nimemwagiwa maji ya moto. Bibi yangu hayumo kwenye kundi la simu, hajui onyo wala herufi kubwa. Namba ya Mheshimiwa kaishika kichwani toka siku ile ya meza. Kumbe alimpigia kumkumbusha asisahau swali la mjukuu wake, akaona si vizuri kumkumbusha mtu tu bila kumuulizia hali, na akishamuulizia hali si vizuri kumwacha bila dua. Nilipofika ndiyo kwanza anaianza dua. Nikamwonyesha kwa mikono, Bibi kata, kata, swali linaitwa. Akaninyanyulia kidole kimoja, macho amefumba. Anamwombea babu yake Haloo, Mungu amrehemu. Anamwombea mama yake, miguu yake ile. Ndani nasikia Spika amemshukuru waziri wa mbolea. Bibi yuko kwa watoto wa Haloo, anawataja mmoja mmoja, anamsahau wa tatu, anarudi mwanzo.

Mniambie nyinyi, mtu gani anakata simu katikati ya dua ya bibi kizee? Haloo hawezi. Mimi siwezi. Nilitaka kumpokonya, mkono ukafika nusu, ukagoma.

Nikarudi mlangoni kwa Kinyozi. Spika alikuwa anasoma namba ya swali letu na jina la jimbo letu, na kamera ikaenda moja kwa moja kwenye kiti. Karatasi ipo mezani. Glasi ya maji ipo. Mtu hayupo.

"Mheshimiwa hayupo?" Spika akauliza. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

Mwalimu na ile nusu ya nywele zake akatueleza haraka haraka kwamba bado kuna nafasi moja: mbunge mwingine akisimama anaweza kuliuliza kwa niaba yake. Asiposimama mtu, Spika anarukia swali linalofuata, basi, limekufa. Tukaisogelea televisheni. Nani atasimamia shida ya jimbo lisilo lake, siku ya mwisho, watu wana mabegi kwenye magari?

Halafu upande wa pili wa ukumbi mkono ukapiga meza, pa, na mtu akasimama. Mama Ngumi.

Hapa lazima niwaeleze. Mama Ngumi ni mbunge wa jimbo la jirani, ng'ambo ya kijito. Sisi na wao hatuivi. Mwaka jana greda la kuchonga barabara lilikuja kwetu asubuhi, jioni likalala kwake, na halijarudi mpaka leo. Kwenye kundi letu la simu jina lake likitajwa watu wanatuma picha za fisi.

Kinyozi akajishika kichwa. Akasema huyu kasimama kutuzika, ataliuliza vibaya makusudi, mtaona.

Mama Ngumi akasema, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya jirani yangu," akataja namba, akakaa.

Waziri wa nishati akasimama na faili lake, akasoma. Serikali inatambua umuhimu wa huduma ya mama na mtoto. Serikali inawapongeza wananchi kwa uvumilivu. Umeme utaunganishwa kadiri hali itakavyoruhusu. Nyuma yangu mtu akasonya. Jibu kama hilo tumeshalisikia kwenye mikutano yote, halina kichwa wala miguu, ukiliandika linakaa vizuri na taa haiwaki.

Lakini anayeuliza anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Na Mama Ngumi alishasimama tena, mikono imeegemea meza, hana karatasi.

"Mheshimiwa Spika, mimi siyo mbunge wa pale. Ila wapiga kura wangu wanavuka kijito usiku, na matumbo yao, wanakwenda kuzalishwa na yule mkunga kwenye stoo ya shule. Mjukuu wangu mwenyewe kazaliwa mle, amezungukwa na madawati. Sasa mkunga anaondolewa kwa kosa la waya. Sitaki kuambiwa hali ikiruhusu, sitaki kuambiwa hivi karibuni. Nataka siku. La pili, Waziri yuko tayari kwenda mwenyewe kuiwasha hiyo taa, kwa kidole chake, tukimwona?"

Ngumi ikashuka mezani. Ukumbi mzima ukapiga meza, pande zote mbili, chama tawala na upinzani. Kwa Kinyozi watu walikuwa wamesimama juu ya viti, na mimi nilikuwa natafuta simu nitume na sina simu, nikawa namwambia Mwalimu, Mwalimu, umesikia, umesikia, utafikiri hakuwepo.

Hapo mlango wa ukumbi ukafunguka. Haloo wetu, anahema, tai imerukia begani. Akainama mpaka karibu aanguke. Spika akamwangalia juu ya miwani.

"Mheshimiwa, swali lako limeshaulizwa," akasema. "Na limeulizwa vizuri kuliko karatasi uliyoiacha hapo."

Bunge zima likacheka. Haloo naye akacheka, halafu badala ya kwenda kwenye kiti chake akavuka ukumbi mpaka kwa Mama Ngumi, akampa mkono, akabaki amesimama kando yake. Waziri akawa anawaangalia wote wawili pamoja, majimbo mawili bega kwa bega. Akafunga faili. Akasema mafundi wataanza Jumatatu, na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, kabla mwezi haujaisha, atakuja mwenyewe kuwasha.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka Kinyozi anamkumbatia Mwalimu na kitambaa cha kunyolea kingali shingoni, na anasema kuanzia leo fisi marufuku kwenye kundi. Nakumbuka Bibi pale benchi ananirudishia simu na kuniambia, mwambie dada yako nimeshamkumbusha Mheshimiwa. Nikakimbia.

Stoo ya shule ina pazia la shuka mlangoni. Ndani nikasikia kichanga kinalia, kipya kabisa, bado hata hakijaizoea sauti yake. Nikasimama nje.

"Dada, wamejibu."

"Wamesema siku, au wamesema hivi karibuni?"

"Siku. Mafundi Jumatatu. Waziri anakuja Jumamosi kuwasha mwenyewe."

"Rudia."

Nikarudia, polepole. Akaniuliza nani kamkaba waziri mpaka akasema. Nikamwambia ukweli, Mama Ngumi.

"Mbunge wangu huyo," ikasema sauti nyingine mle ndani, imechoka lakini imejaa maringo. Ilikuwa ya mzazi. "Kura yangu anayo, na ya huyu mtoto namtunzia."

Dada akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo toka aitwe na mganga mkuu. Akamaliza kazi yake, akamkabidhi kichanga mama mtu mzima aliyekuja na mzazi, akanawa mikono, akatoka. Nilidhani ataketi. Akanipita, akashika njia ya zahanati kwa mwendo wake ule wa kuitwa usiku, mimi nyuma yake nakaribia kukimbia. Kufuli lilikuwepo, tena lina kutu. Hakulijali. Akaenda dirishani, akafuta vumbi kwa kiwiko, akakinga macho kwa mikono yote miwili akachungulia ndani muda mrefu, pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo, anaufuta, anachungulia tena.

"Kitanda cha kwanza pale," akasema, anagonga kioo kwa kucha. "Hapana. Pale, karibu na swichi."