Nailoni ya Kiti cha Nyuma

Mtu akikuambia kitu chake ni cha zamani lakini kiko kama kipya, muulize kwanza kilikuwa kinafanya nini miaka yote hiyo. Tepu hakuuliza. Alipiga magoti kwenye sebule ya mama mmoja mjane, akafuta kioo cha mita ya pikipiki kwa pindo la shati lake, akasoma namba, na tangu hapo akawa mtu wa kuhurumiwa.

"Kilomita mia nne na kumi na mbili," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Tangu itoke kiwandani?"

"Tangu itoke kiwandani," mama mjane akajibu. "Na mimi wakati huo nilikuwa na nywele nyeusi na meno yote."

Tepu alikuwa fundi cherehani. Jina lile alilipata kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata msibani. Pale alikuja kupima madirisha ashone mapazia, na pikipiki akaikuta kati ya kabati la vyombo na redio, imefunikwa shuka la maua. Alipolifunua akaona tangi jekundu, taa ya duara kama jicho la mtu aliyeshtuka, na kiti kirefu cheusi ambacho bado kilikuwa na nailoni ya dukani.

"Marehemu aliipenda, Mungu amrehemu," mama mjane alisema. "Kila Jumapili anaifuta vumbi. Ukimwambia nipeleke sokoni, anasema namba itapanda. Mimi niliipanda siku moja tu, siku ya kuileta. Hiyo nailoni ikanilia kwacha-kwacha njia nzima. Basi. Sokoni nimekwenda kwa miguu mpaka miguu yenyewe ikakataa."

"Pole, mama."

"Pole haina magurudumu. Sikiliza, mwanangu. Mtu wa kuitazama nimeshakuwa naye. Sasa namtaka wa kuipanda. Una mke?"

"Ninaye."

"Anafanya kazi wapi?"

"Hospitali, ng'ambo ya kilima. Chumba cha kufulia."

"Anaendaje?"

Tepu akaangalia zulia. "Kwa miguu, mama."

"Haya. Mpandishe huyo."

Tepu aliapa. Aliapa kwa mama mjane, na jioni akaapa tena kwa mkewe, aliyekuwa amekaa kitini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Pesa za kumlipa mama mjane zilikuwa akiba yao, na mkewe alikuwa ameweka nia yote kwenye friji. Hata mahali pa kuiweka alikuwa ameshapafagia.

"Kila siku utanipeleka?" aliuliza.

"Kila siku."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata inyeshe ya mawe, mama watoto."

Aliutoa mguu mmoja kwenye maji, akautazama, akaurudisha. "Basi friji isubiri. Lakini ahadi ni deni, na mimi sikopeshi mtu mara mbili."

Pikipiki ikapelekwa gereji kwa kaka wa mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Grisi. Grisi aliizunguka mara moja, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akarudi nyuma kama aliyenusa soksi za jirani.

"Shemeji, hii si petroli tena. Hii ni gundi."

"Lakini haijatembea!" Tepu akasema. "Kilomita mia nne na kumi na mbili! Imeharibikaje?"

"Wewe lala kitandani mwaka mzima bila kuinuka, halafu nikuamshe ukimbie. Tutaona." Grisi akabonyeza tairi la mbele, lilikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi. "Chombo hakifi kwa safari peke yake. Hata kukaa kunaua, tena kunaua kimyakimya."

Kazi ilikuwa nyingi. Kabureta ilikuwa imeziba, ikafunguliwa kipande kwa kipande na kulazwa kwenye karai. Mipira ya kupitishia mafuta ilivunjika mkononi kama tambi mbichi. Pistoni ilikuwa imeganda, ikabidi Grisi atoe plagi, amimine mafuta kwenye tundu lake, kisha aache yajipenyeze yenyewe. Kila siku alijaribu kiki kwa mkono, taratibu, mpaka asubuhi moja ikashuka. Hakutaka malipo. "Miguu ya dada yangu ndiyo inayonidai," alisema.

Tepu naye alikuwa na kazi yake, ya mdomo. Wateja kibandani kwake walipimwa viuno huku wakisimuliwa kilomita. Mtu akija kuchukua suruali anapelekwa gereji kwanza, akasome namba. Watu wazima waliinama mbele ya ile mita, wakatikisa vichwa, wakasema "Ama kweli!" na kila "Ama kweli" iliingia kichwani kwa Tepu kama pombe. Polepole akaacha kusema "pikipiki ya mama watoto." Akaanza kusema "pikipiki yangu ya mia nne na kumi na mbili."

Grisi aliyaona hayo. Siku ya mwisho, alipokuwa akikaza nati ya gurudumu la mbele, alimwonyesha kwa spana waya mmoja mnene, mweusi, uliotokea chini ya mita.

"Kama namba inakuuma hivyo, nikuchomolee huu. Utaendesha mpaka upate vitukuu, na namba itabaki palepale."

Tepu akakasirika kweli. "Huo ni wizi, shem! Namba ya uongo nitamwonyesha nani?"

Ndivyo alivyokuwa: mwaminifu kwa mita kuliko kwa mke. Na laiti angeufuata ule waya kwa macho mpaka unapoishia, hadithi hii ingekosa nusu yake tamu.

Grisi akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Ya tatu ikashika. Mlio ulikuwa mzito na wa taratibu, wa mtu aliyeamka usingizini na bado anakumbuka alipoishia. Tepu alishika kichwa kwa mikono miwili. Mita haikusogea. Alihakikisha.

"Imewaka, na dada nampigia simu sasa hivi," Grisi alisema akifuta mikono. "Leo anaingia zamu ya mchana. Panda, ukaanze naye."

Tepu akazungusha ufunguo. Mlio ukakatika.

"Nitaisukuma."

"Unasema?"

"Mpaka nyumbani. Ufunguo ukizimwa na mita imelala. Kwa nini namba ipande bure?"

"Na dada?"

"Dada yako nitampeleka, nimeapa. Lakini tuitunzie siku kubwa. Sikukuu, harusi. Si kila safari ya kufua mashuka."

Grisi akautupia jicho ule waya mweusi. Shemeji ni mtani, na mtani akikukuta unaelekea shimoni, kwanza anakaa vizuri apate kuona.

"Sukuma, shemeji," alisema kwa upole mkubwa. "Mwili nao unataka mazoezi." Hata akamsaidia kuivusha mtaro.

Jua lilikuwa la utosini. Pikipiki za zamani ni chuma kitupu, na hii ilikuwa na uzito wa ng'ombe asiyetaka kwenda. Alipofika kwa fundi viatu tayari shati limemganda mgongoni.

"Mafuta yameisha?" fundi viatu akauliza.

"Hayajaisha."

"Basi imekufa."

"Haijafa! Inaunguruma kama simba."

"Sasa mbona anayehema ni wewe?"

Kicheko kikaruka kutoka kibanda hadi kibanda, kikafika mbele yake kabla yeye hajafika. Kwa kinyozi walikuwa wameshatoka nje kumsubiri. "Mpishe mwenye ng'ombe!" mmoja akapaza sauti. Tepu aliinamisha kichwa, akasukuma, akijifariji kwa ile namba.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, na sare yake ya kazi, mkoba kando, kofia ngumu ya kuazima mapajani. Miguuni alikuwa amevaa viatu vyake vizuri, vile ambavyo havikuwahi kukiona kilima.

"Kaka amenipigia, imewaka," alisema. "Nikakaa hapa nisikie mlio. Nikasikia mhemo."

Tepu hakumsikia vizuri. Alikuwa ameshachutama mbele ya mita. Akagonga kioo kwa kidole. Akagonga tena.

Mia nne na kumi na nne.

"Haiwezekani," alisema. "Nimesukuma! Njia nzima nimesukuma, ufunguo ninao mfukoni!"

"Umesukuma kwa nini?"

Akaeleza. Alieleza vibaya, kama mtu anayesoma kosa lake mwenyewe mbele ya hakimu. Namba, sikukuu, harusi, mita iliyolala. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lilimtisha Tepu kuliko kelele. Kisha akainuka, akashika ule waya mweusi chini ya mita, akaufuata kwa vidole: ukapita kando ya taa, ukashuka, ukaingia katikati ya gurudumu la mbele.

"Umeona unapoishia?" alisema. "Gurudumu likizunguka, inahesabu. Haijali nani kachoka."

"Na kaka yako alijua!"

"Kaka yangu alijua. Huyo marehemu naye alijua, ndiyo maana hakuitoa sebuleni. Angalau yeye hakusukuma."

Tepu akakaa chini, palepale kwenye mchanga. Mkewe hakucheka. Akatazama kilima, akatazama viatu vyake.

"Zamu haitanisubiri," alisema. "Nikipanda kile kilima kwa miguu leo, baba watoto, nitapanda kila siku mpaka nistaafu. Ukinikosea mwanzo, umenikosea moja kwa moja. Nawajua wanaume wa sikukuu."

Akainua sketi kidogo, akakaa kiti cha nyuma. Nailoni ikalia kwacha. Akashuka. Akaingiza kucha kwenye pembe yake, akavuta. Ilikuwa imekauka kwa miaka. Ikatoka vipande-vipande kama ganda la kitunguu, na kwa kila kipande Tepu alitoa sauti ya fundi aliyekosea kukata kitambaa cha harusi. Chini yake kiti kilikuwa laini, cheusi, na mshono wa uzi mweupe uliopigwa mara mbili bila kuyumba popote. Tepu, pamoja na msiba wake, alisogea akaupitisha kidole. Kazi nzuri ile, na hakuna aliyewahi kuikalia bila nailoni.

Mkewe akakaa tena. Kiti hakikusema kitu.

"Ukisukuma inapanda, ukiwasha inapanda," alisema akifunga kamba ya kofia kidevuni. "Chagua. Ila mimi sishuki, kilima kile pale, na unajua mimi si mwepesi."

Tepu akakitazama kilima. Akatazama viganja vyake, vilivyokuwa vyekundu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshalowa tangu kwa fundi viatu. Akapanda, akapiga kiki.

Walipita kwa kinyozi wakipiga honi. Kilimani Tepu aliendesha kama aliyebeba mayai, macho mbele, shingo imekakamaa asije akatazama chini. Mkewe ndiye aliyekuwa akichungulia kupitia bega lake.

"Kumi na tano hiyo!" akapaza sauti sikioni. "Bado uko hai?"

"Niko hai!"

"Na hii kumi na sita! Unajisikiaje?"

"Nyamaza, mke wangu, nitatuangusha!"

Kwenye geti la hospitali alishuka, akanyoosha sketi, akakanyaga lami kwa viatu vyake vizuri visivyo na vumbi hata chembe. Wenzake wawili wa chumba cha kufulia walikuwa wanafika, wakihema.

"Jioni?" alimuuliza mumewe.

"Nitakuwa hapa kabla hujatoka."

"Tutaona." Akamkabidhi ile kofia. "Na ukirudi, pitia kwa yule mama mjane. Sokoni si mbali."

Tepu alitaka kuinama asome namba. Shingo ilishaanza kuelekea huko. Akaivuta, akageuza pikipiki.

Mama mjane aliusikia mlio kabla hajaiona, akatoka mpaka barazani akishikilia mlango. Hakuitazama mita hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma, akakibonyeza kwa kiganja, akasikiliza. Kimya.

"Ngoja nichukue kikapu," alisema.