Barafu Juu ya Diski ya Plau

Hasani, dereva wa lori la shamba la ngano, alikuwa na kasoro moja: hakujua kukataa. Kwenye kabini kilibaki kiti kimoja tu, naye alikuwa amewaahidi watu wawili. Basi asubuhi ile ya kwenda Haydom, Kornelia mpishi alimkuta Felician, fundi wa trekta, ameshakaa humo, nywele zimechanwa, uso unang'aa mafuta.

"Shikamoo, Mama Benedikta," Felician akamwamkia.

"Marahaba. Shuka."

Hakushuka. Alikuwa anakwenda kumwona Imakulata, muuguzi wa hospitali ya huko Haydom, aliyemtia wazimu tangu Krismasi. Kornelia alikuwa anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa juzi, na hamu ilimbana hivi kwamba angeweza kumng'ata mtu.

Hasani akakuna kichwa. Akaingia jikoni, akatoa kwenye friza vipande viwili vya barafu vilivyogandishwa kwenye vikombe sawa, akaviweka juu ya diski ya plau, lile sahani la chuma la jembe la trekta, ambayo Kornelia hukaangia chapati. Chini moto ulikuwa umekolea.

"Barafu ya nani itakwisha kwanza, huyo ndiye apande. Kuongeza moto, marufuku."

Felician, fundi wa watu, akafurahi. Akachukua kijiko, akaanza kuigeuzageuza yake ipate joto pande zote. Barafu ikalalia maji yake yenyewe ikateleza, mara huku, mara kule, naye akiifukuza kama ndama mkaidi.

Kornelia akamtazama kwa huruma ya uongo. Miaka tisa alikuwa amepiga pasi mashati ya mabwana wa shamba, na alijua kwamba chuma cha moto kikigusa juu juu hakifanyi kazi. Akachukua mchi wa kinu, akaikandamiza barafu yake kwa uzito wote wa mwili, na mwili alikuwa nao. Maji yakaruka pembeni, chaa! Kila yalipotoka, barafu ikashikana na chuma upya. Ikawa nyembamba, ikawa utando, ikaisha. Ya Felician bado ilikuwa inacheza.

"Mmenionea! Ametumia mchi!"

"Mchi si moto," Hasani akasema, kwa furaha ya mtu aliyeokoka. "Shuka, bwana."

Lori lilipoondoka, Felician akakimbia pembeni ya mlango. "Mama, mwambie Imakulata nilitaka kuja! Mwambie leo hii!"

"Nitamwambia," Kornelia akajibu, anacheka huku machozi yanamtoka. "Kesho kutwa. Kwanza nimshike mtoto nishibe."